Nani Ajue Mzigo Uko Wapi

Walikale, tarehe 6 Februari 2023

Shangazi Anastasie mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku msituni. Sote tuko wazima. Mama anasumbuliwa na goti la kushoto kila mvua inapokaribia, lakini misa ya asubuhi haachi. Mdogo wangu Trésor amepata mtoto wa kike, wamemwita Aimée, na kilio chake kinafika hadi barabarani. Mama anasema mtoto amechukua paji lako la uso. Nilikupigia simu mara tatu nikuambie mwenyewe. Mara ya kwanza uliuliza kama kuna msiba. Nilipojibu hakuna, ukasema, "Basi andika," ukakata. Mara mbili nyingine hukupokea. Miaka yote uko hivyo, nimezoea, kwa hiyo ninaandika. Barua inakuja na Théogène, motari wa Nyabiondo anayetuletea maharage yako kwa pikipiki.

Sasa neno lenyewe. Unajua kwamba ninafundisha logistiki katika chuo chetu hapa. Kozi tunayofundisha iliandikwa kabla sijazaliwa. Inaeleza gari moshi, meli za Matadi, na namna ya kujaza fomu kwa karatasi ya kaboni. Sasa tumeagizwa kubadilisha programu zote, na yetu lazima ifundishe jinsi mizigo inavyoongozwa kwa simu na kompyuta, tangu inapotoka kwa mkulima hadi inapomfikia mnunuzi. Tumetumiwa pia kielelezo cha kufuata. Ndani yake kuna ghala zinazojiendesha bila watu. Mkuu wa idara yetu, Papa Stéphane, alikisoma mbele ya walimu wote, akafika ukurasa wa nne, akavua miwani, akauliza kama kuna aliyewahi kuona ghala la namna hiyo Walikale. Walimu walicheka. Halafu wakanipa mimi kazi ya kuandika programu mpya.

Tume ya kuikagua itafika mwishoni mwa Julai. Isipokubaliwa, idara inafungwa, na wanafunzi wangu arobaini na mmoja wanarudi kwao mikono mitupu.

Ninakuomba mambo mawili. Unieleze jinsi maharage yanavyosafiri kutoka Nyabiondo hadi hapa, hatua kwa hatua, maana hakuna profesa anayeijua njia hiyo kukushinda. La pili, ukubali wanafunzi wafuate mzigo wako mmoja. Théogène atabeba simu itakayoonyesha mahali alipo, nasi tutamwona darasani akitembea kwenye ramani.

Ukiitikia, utakuwa umetusaidia kuliko unavyodhani.

Mtoto wa kaka yako,
Mbambu

*

Nyabiondo, tarehe 27 ya mwezi wa pili, 2023

Mbambu mutoto ya kaka yangu,

Barua yako ilifika haijaloa, Théogène aliifunga mu sashe ya plastiki. Hapa tuko muzuri. Mvua iko mingi, mihogo inaoza kidogo ku bonde, lakini ile ya ku mulima inasimama. Tumepata wageni wengi wenye kukimbia vita ku upande wa Kitshanga; mu nyumba yangu iko mama mumoja na watoto wake wane. Wanalala muzuri, wanakula kile tuko nacho. Nimefurahi juu ya Aimée. Paji yangu iko kubwa, mumuombee nywele mingi.

Unauliza safari ya maharagi. Inaanza mbele ya mavuno. Mimi napanda mulima mwenyewe, naangalia mashamba, najua mama gani atakuwa na ngapi. Wakati ya kuvuna, wa Kibabi wanashusha ku pikipiki, wa hapa karibu wanabeba ku mugongo. Hatuchanganye. Kila mama iko na uzi yake: mumoja mwekundu, mwengine wa bulu, mwengine mbili ya kusokota pamoja. Ule uzi njo unashona mudomo ya mufuko. Mufuko ikifika na wadudu ao na mawe, najua ya nani, hata kama imepita mikono kumi.

Kisha inaenda Kashebere. Pale iko Papa Dusabimana, anapokea, anagusa kila mufuko na mukono, anakata kijiti na kisu, alama moja kwa mufuko moja. Kijiti inafuata mizigo mupaka Kibua, na Kibua wanahesabia ku ile kijiti. Mufuko ikikosa, tunajua ni kati ya wapi na wapi. Hakuna mutu anaandika, na hakuna mutu anabishana.

Hiyo yote andika, wafundishe, na useme ni Anastasie alisema.

Ile ya simu, hapana. Mizigo yangu haitafuatwa. Usiniulize mara ya pili.

Mungu akae na ninyi mu nyumba yote.
Shangazi yako

*

Walikale, tarehe 20 Machi 2023

Shangazi mpendwa,

Tunakusalimu, wewe na wageni wako wote. Goti la Mama limetulia. Aimée sasa anacheka akiona taa.

Nyuzi zako zimekuwa habari ya chuo. Niliwasomea wanafunzi barua yako, wakataka niirudie sehemu ya kijiti. Mmoja alisema kwamba kile kielelezo tulichotumiwa kinaeleza jambo lilelile kwa kurasa kumi na moja, na kwamba Papa Dusabimana amelifanya kwa kisu. Nimeandika sura ya kwanza yote kutokana na maneno yako, na jina lako liko pale.

Lakini, Shangazi, siwezi kupeleka programu ya digitali isiyo na simu ndani yake. Tume itauliza wanafunzi wamefuata mzigo gani. Kwa hiyo nimemwomba Mama Myriam, jirani yako sokoni, naye amekubali. Mifuko yake minane itatoka mwezi wa tano. Nimekuambia mwenyewe ili usiisikie kwa watu.

Ulisema nisiulize mara ya pili. Sikuulizi kama utakubali. Ninauliza tu unaogopa nini. Nilipomsomea Mama barua yako alikuwa anachambua mchele. Nilipofika pale penye "haitafuatwa" aliweka ungo chini, akatoka nje, akasimama mbele ya nyumba muda mrefu. Nilimuuliza kama goti linamuuma. Akasema ndiyo. Nimekuambia juu kwamba lilikuwa limetulia.

Ninakungoja,
Mbambu

*

Nyabiondo, tarehe 2 ya mwezi wa ine, 2023

Mbambu,

Salamu kwa wote. Hapa hakuna mubaya. Pasaka inakaribia, tuko tunapaka nyumba chokaa.

Myriam ni mutu muzima, anajua yake. Mimi sina neno. Lakini ile siku wanafunzi watakuwa wanaangalia, wewe uangalie nani mwengine anaangalia.

Musalimie mama yako Chantal. Umwambie namusalimia mimi mwenyewe.

Anastasie

*

Walikale, tarehe 15 Mei 2023

Shangazi mpendwa,

Tuko wazima. Hilo ninalisema la kwanza ili usome mengine kwa moyo uliotulia. Barua hii anakuletea dereva wa parokia, kwa sababu Théogène bado anapumzika.

Tulifanya zoezi Jumanne, tarehe 9. Théogène alitoka kwenu alfajiri na mifuko ya Mama Myriam, pamoja na wenzake wawili wenye pikipiki, na darasani tuliona alama ndogo ya buluu ikiacha Nyabiondo. Wanafunzi walisimama wote. Nilifurahi, sikufichi. Alama ilipofika Kashebere, Papa Stéphane alipiga picha ya ukuta uliokuwa unaonyesha ramani, pamoja na jina la Théogène na kila alipokuwa amesimama, akaituma katika kundi la simu la walimu na maneno haya: "Mifuko minane ya maharage, Kibua saa saba." Alikuwa anatusifu. Kutoka kundi hilo picha ilienda katika kundi la wazazi, na kutoka pale sijui ilienda wapi. Saa tano mtu asiyenijua alinipigia kuuliza kama maharage hayo yanauzwa.

Saa saba kasoro, alama ilisimama kabla ya Kibua. Tuliiangalia. Mwanafunzi mmoja alisema labda ni tope. Baada ya nusu saa ilizimika.

Walikuwa watu wanne wenye silaha. Hawakumpiga mtu. Waliita "Théogène" kabla hajavua kofia, wakachukua mifuko, pikipiki zote tatu na simu. Mmoja wao alimwambia, "Tulikuwa tunakungojea. Ulichelewa pale mtoni." Kweli alikuwa amechelewa mtoni, Shangazi, alibadilisha mnyororo wa pikipiki pale. Sisi wenyewe tulimwona akisimama, tukacheka kwamba ameenda kunywa chai.

Wamerudi watatu kwa miguu. Nimeenda kwa Théogène, nimeomba msamaha mbele ya mke wake. Alinipa kiti, akasema yeye mwenyewe ndiye alikubali kuibeba ile simu. Mama Myriam nimemwandikia. Papa Stéphane hajaja kazini siku nne.

Jioni ile nilimwambia Mama yote. Alinisikiliza bila kuniangalia, halafu akasema, "Muulize shangazi yako habari ya foni." Nikauliza foni gani. Akasema, "Ya mwaka ambao baba yako alikufa. Sisemi mimi. Aseme yeye."

Baba alikufa kwa mti ulioangukia gari. Ndivyo mlivyotuambia, mimi nikiwa na miaka kumi na tatu.

Ninakuuliza, Shangazi.

Mbambu

*

Nyabiondo, tarehe 18 ya mwezi wa sita, 2023

Mbambu mutoto yangu,

Nimekawia kujibu. Dereva alipita mara mbili, mara mbili nikamwambia barua haijaisha, na nilikuwa sijaanza. Hapa watu wako wazima. Myriam amelia kidogo, kisha amerudi ku soko. Hasira yake haiko juu yako.

Hakuna muti ulianguka.

Mwaka ya 2009 hatukukuwa na simu huku. Tulikuwa na foni, ile mashini ya redio mu nyumba ya mbao nyuma ya soko. Muzee Nizeyimana alikuwa anazungusha kifungo, anaita Walikale, na wewe unasema mu kipazasauti. Kila mutu mwenye iko na mashini ku njia yote alikuwa anasikia. Tulijua vile. Lakini ukizoea kitu unaacha kukifikiri. Tulikuwa tunasalimiana mule, tunapeana habari ya ndoa, ya ugonjwa, watu wote wanasikia, na tunaona ni furaha.

Baba yako Raphaël alikuwa amefika hapa na gari ya kukodi. Alipakia chumvi, sabuni, na vitenge bale sita. Vitenge ilikuwa mara yake ya kwanza, alikuwa anataka kufungua duka ya Chantal. Siku ya tatu, mimi nikaenda ku foni. Nikamwita mama yako. Nikasema, "Raphaël anatoka siku ya ine, saa kumi na mbili asubui. Iko na vitenge bale sita. Utakuwa mama mukubwa wa soko." Nilisema na kicheko. Watu wenye walikuwa mu ile nyumba walicheka na mimi.

Walimungojea mbele ya Kibua. Dereva alipona, njo yeye alituambia. Walipofungua turubai walihesabu bale, mumoja akasema, "Ni sita, sawa." Raphaël aliuliza wamejuaje. Kuuliza ile njo kulimuua, juu walifikiri amewajua.

Chantal alisema tusiambie watoto. Mimi nikakubali haraka, juu ilinisaidia. Tangu ile siku sijasema siku ya kutoka ku mashini yoyote, hata ya kuenda sokoni. Njo maana nakata simu. Njo maana sijafika Walikale miaka kumi na ine. Si juu ya njia. Ningefika, ningekaa ku kiti gani mu nyumba ya Raphaël?

Wewe haukuua mutu. Théogène iko hai. Usichukue muzigo yangu ukaifanya yako.

Nimeandika. Sasa ufanye vile moyo itakuambia.

Anastasie

*

Walikale, tarehe 21 Agosti 2023

Shangazi mpendwa,

Nisamehe, wiki hizi zote nimekuacha ukingoja. Wazima tupo. Aimée ameota jino.

Niliisoma barua yako peke yangu mara nyingi. Wiki ya kwanza nilikukasirikia, siwezi kukudanganya, na nilimkasirikia Mama zaidi, kwa sababu ule mti niliuogopa miaka mingi. Sikuwa ninapita chini ya mti mkubwa kukiwa na upepo. Halafu nilikumbuka jinsi nilivyosimama darasani nikifurahia alama ya buluu. Hasira ikapungua, ikabaki huzuni ya Baba tu, kama vile amekufa mwaka huu.

Nikamsomea Mama. Safari hii hakutoka nje. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale penye foni. Nikarudia. Akasema, "Ameacha neno moja."

Nikauliza neno gani.

"Mimi njo nilimuuliza. Aliita kunisalimia tu. Mimi nikamuuliza Raphaël anatoka siku gani. Akasema karibuni. Nikauliza tena siku gani, na anakuja na nini. Mara mbili nilimuuliza, watu wote wakisikia. Anastasie anajua. Miaka kumi na minne hajamwambia mtu."

Alisema kwamba kila Pasaka ulipotuma salamu bila kuja, aliamini hutaki kumwona aliyemuuliza kaka yako hadi akafa. Nikamwonyesha tena mstari wako kuhusu kiti. Aliishika mwenyewe ile karatasi, ingawa bila miwani hasomi, akakaa nayo.

Sasa habari ya chuo. Niliifumua programu yote. Nyuzi na kijiti vimebaki. Simu na kompyuta zimebaki pia, maana wanafunzi watazikuta kila watakapoajiriwa na hatuwezi kuwafundisha kuzikimbia. Lakini kabla ya hapo nimeweka somo jipya, la saa thelathini, linaloitwa "Nani ajue nini, na lini". Wanafunzi watajifunza kuufunga mzigo kwa alama isiyosema kilichomo, kutoa habari za njia kwa wanaohusika tu, na kuziachilia kwa wengine mzigo ukishafika. Watajifunza pia kuzima simu. Papa Stéphane alirudi kazini, akaomba aandike yeye sura ya makundi ya simu. Ameandika kwa ukweli, bila kujitaja wala kujificha.

Tume ilikaa tarehe 28 Julai, watu watatu kutoka Goma. Profesa mkubwa wao alifika kwenye somo hilo, akauliza, "Katika kielelezo, mzigo unaonekana na wote. Wako kwa nini unafichwa?"

Nilimjibu kwamba haufichwi. Anayeutuma anauona, na anayeubeba, na anayeupokea.

"Umeitoa katika kitabu gani hiyo?"

"Nimeitoa kwenye njia ya Kibua, Profesa."

Nikawaeleza ya Théogène. Ya Baba sikuyasema. Profesa alifunga kalamu. Mwenzake, mama aliyekuwa akiandika tangu asubuhi, alisema kwamba kwao Beni wangehitaji somo hilo hilo. Walitoka nje, wakarudi baada ya robo saa. Programu imekubaliwa. Wametoa sharti moja: saa kumi za somo jipya zifundishwe na mfanyabiashara anayeijua njia, si na mwalimu.

Kwa hiyo ninakuomba, na Mama ananiomba nikuombe. Alisema niandike hivi hivi: "Aje. Kiti kipo."

Wako,
Mbambu

*

Nyabiondo, tarehe 10 ya mwezi wa kenda, 2023

Mbambu mutoto yangu,

Salamu kwa wote, na kwa jino ya Aimée. Wale wageni wangu wamepata nyumba yao, wamehamia juu kidogo. Watoto wanarudi kila siku kula sombe.

Nimeenda kwa Théogène, nimemupatia habari ya programu. Amefurahi. Myriam anasema wanafunzi wako wajifunze pia kushona mufuko, juu wa siku hizi wanashona sawa vile wanafunga kiatu.

Masaa kumi nitafundisha. Sina Kifaransa ya chuo. Wakicheka Kiswahili yangu, wacheke, kisha waandike.

Nitafika. Siku ya kutoka siandike.

Sasa hii umusomee Chantal pole pole, na uketi karibu naye wakati unasoma. Chantal, mwanamuke kuuliza bwana yake atafika siku gani, hiyo haiko kosa. Hata mara mbili. Ulikuwa unamungojea. Sikuacha ile neno mu barua kwa kukuficha. Niliacha juu sijawahi kuihesabu. Ungeuliza leo, ningekujibu tena, ila ningetoka mu ile nyumba ya mbao, nitembee mupaka kwako, nikuambie mu sikio.

Anastasie